Saa Saba, Popote Tulipo

Tumetandika ramani juu ya meza ya kulia, Tudor,
ghorofa ya tatu, feni ikizipeperusha ncha zake
hata tukazikandamiza: kopo la maziwa, chupa ya siki,
simu ya Nyevu, kiwiko changu.
Mistari ya urefu imebanana penye kile kipito
kama ukili uliosukwa na mtu mwenye hasira.
"Hapa," asema Shekue, na jasho la kidole chake
laacha ziwa ambalo mchora ramani hakuliona.

Sisi ni watu wa usawa wa maji.
Mlima wetu ni ngazi za jengo la mjomba wake,
ghorofa tisa, lifti mbovu tangu masika ya mwaka juzi.
Kila alfajiri twapanda na madumu mgongoni, twashuka matupu.
Mpangaji wa juu kabisa hanunui maji tena;
hutungoja mlangoni, pipa wazi,
na siku tukichelewa hununa.

Baridi tuliikopa Liwatoni,
chumba cha barafu anakofanya kazi Nyevu.
Tulilala dakika arobaini, kati ya jodari na nguru,
kila mtu na mfuko wake wa kulalia.
Wangu ulishindwa.
Heri umeshindwa huko, penye mlango wenye kitasa.

Mizigo tuliipima Marikiti, kwa mizani ya muuza viungo.
Wa Shekue: kilo ishirini na mbili.
Tukatoa birika la shaba. Tukatoa na vikombe vyake.
Soksi zake zanukia iliki mpaka leo.

Mwaka jana hatukuandika kitu.
Njia ya siku nne tuliipanda kwa mbili,
na jioni ya pili Shekue akaanza kucheka peke yake,
akafunga kamba za kiatu kisichokuwa mguuni,
akasahau jina la dadake.
Tulimshusha usiku, mkono huku na mkono huku,
na kadiri tulivyoshuka ndivyo maneno yalivyomrudia, moja moja.
La kwanza lilikuwa "maji".
La pili tusi. Tulilia kwa furaha.

Basi sasa twaandika.
Siku ya tatu hatupandi; twakaa, twanywa, twakojoa, twangoja damu izoee.
Kichwa kikigonga, hakuna kuficha.
Kikizidi, ni kushuka, hata kama ni usiku,
hata kama kipito twakiona.
Ukungu ukilifunika jiwe la alama lililo mbele, twasimama tulipo.
Na saa saba mchana, popote tulipo,
hata zikibaki hatua ishirini, twageuka.

"Zikibaki kumi je?" auliza Shekue.
Hakuna anayecheka.
"Saa saba," asema Nyevu, na kalamu yatoboa karatasi.

Nakala ya pili ni ya mamangu.
Majina yetu, njia, rangi ya hema,
nambari ya walinzi wa hifadhi.
Jumatatu saa mbili za usiku, simu isipolia,
usingoje, usiulize jirani: piga.

Aisoma polepole, miwani kaipandisha kipajini,
karatasi karibu na pua.
"Mwatafutani huko juu ambacho hapa hakipo?"
Sote twaitazama ramani,
kana kwamba jibu limechapwa pembeni, karibu na kipimio.
"Baridi," ajaribu Nyevu.
"Wewe walipwa kukaa barafuni, mwanangu. Sema jingine."
Hana jingine. Hata mimi sina.

"Haya. Mpanda ngazi hushuka," asema,
na akutamkavyo huko kushuka, ni dua.
Aibandika karatasi kwenye friji
kwa sumaku yenye umbo la ndimu,
arudi nyuma hatua moja, aitazama,
kisha achomoa penseli kwenye mtandio wake,
aikata ile saba,
na juu yake aandika: sita.

Hakuna aliyembishia.
Kamba bado hatujaelewana nani ataibeba.