Namba Arobaini na Moja

Imeshuka Mkoani saa mbili asubuhi,
nyekundu, fupi, kama pilipili iliyonyofolewa kikonyo,
na kwenye mlango wa nyuma kibati kidogo:
arobaini na moja kati ya mia mbili.
Dunia nzima, yakhe. Mia mbili.
Na moja yao inangojea risiti ya bandari
nyuma ya lori la saruji.

Tulikuwa kumi na watatu, bila ya wapagazi.
Faki Shaame kaja na kandambili mbili za kushoto,
alivyotoka mbio alipopigiwa simu.
Mimi niliaga dukani kuwa jino linaniuma.
Jino lenyewe niling'oa mwaka juzi.

Mattar, mwenye gari,
karafuu za misimu mitatu na deni la shemeji,
alikuwa akifuta vumbi lisilokuwepo.
Fungueni, akasema. Tukafungua.
Nyuma hamna kiti.
Hamna kiti, hamna redio, hamna kipoza hewa,
vioo vyembamba kama ganda la kitunguu.
Wameipunguza ili iiwahi kona,
na kila walichokitoa wakakiongeza kwenye bei.
Bi Mwanaisha wa mihogo akachungulia:
"Na mtungi wa gesi mtautia wapi?"
Hatukumjibu. Yako maswali yanayoua mapenzi.

Haroub ndiye aliyeanza.
"Gari ya mashindano husukumwa na magurudumu ya nyuma.
Hii inajivuta kwa pua
kama mbuzi anayeburuta kamba."
Zuwena, fundi wa Machomanne, kashalala chini yake zamani,
kanga kaifunga juu ya suruali,
na sauti yake ikatoka tumboni mwa gari:
"Difu hii inagawa nguvu.
Gurudumu likiteleza, la pili hulishika mkono.
Nyamaza, Haroub."

Mattar akawasha.
Haikunguruma.
Ilikohoa mara moja, kikavu,
kama mwalimu kabla ya kutaja majina,
kisha ikatulia kwenye mtetemo
tuliousikia kwa nyayo.
Nguvu ya farasi, uzito, sekunde za kufika mia:
nazijua zote kwa moyo,
kuliko tarehe aliyozaliwa mwanangu,
na mke wangu analijua hilo.

Imeundwa kwa uwanja wa kukimbiza magari.
Uwanja tulionao sisi wenye duara ni Gombani,
na duara lile ni la miguu ya watu.

Tuta la kwanza, mbele ya skuli, Mtambile:
krrrr.
Zuwena akapiga yowe kama kakwaruzwa yeye.
Kizuri hakikosi ila, na ila ya hii ni kidevu,
kimelala vidole vitatu juu ya lami.
Tukashuka kwenye vespa na vigari vyetu,
wanne huku, wanne huku,
tukainyanyua pua. Nzito!
Kila kitu kipo mbele: injini, nguvu, mvuto, deni.
Watoto wakatuhesabia kwa sauti,
na wanawake waliokuwa wakigeuza karafuu jamvini
wakaacha kazi wacheke vizuri.

Matuta kumi na manne mpaka Chake.
Niliyahesabu kwa kiuno.

Lakini baada ya Ngwachani
kuna kipande, kinashuka, kinakunja kulia, hakina tuta.
Mattar akaiachia.
Tuliona wekundu ukiingia kona bila ya kuinama,
bila ya kuomba,
halafu harufu ya mpira na karafuu kwa pamoja,
halafu mlio ukitufuata sisi tuliobaki nyuma.
Haroub alisimama na helmeti mkononi.
"Haya," akasema.
Mpaka magharibi hakuongeza neno.

Usiku, nje ya gereji, Mattar alinipa mlango.
Ufunguo alibaki nao.
"Kaa tu."
Nikakaa. Kiti kikanibana mbavu.
Rungu la gia lilikuwa la chuma, baridi.
Nikakanyaga klachi, nikatia ya pili, ya tatu,
nikaikata ile kona ya Ngwachani
nikiwa nimesimama palepale, taa zimezimwa.
Faki akagonga kioo: zamu yangu.
Nikamwonyesha shavu.
Jino, nikamwambia. Linaniuma kweli.