Eneo la Tatu

Saa tisa usiku king'ora kilipasua mtaa mzima wa Halifax.
Taa ziliwaka dirisha kwa dirisha, kwa hasira.
Enid Oldroyd, koti la mvua juu ya gauni la kulalia,
alibonyeza tarakimu nne;
kimya kikarudi shingo upande.
Kioo kidogo kikasema: hitilafu, eneo la tatu.

Fundi kwenye simu: pauni tisini kuvuka kizingiti tu,
kabla hajafungua mkoba.
"Kwa tisini," alisema Enid, "heri mwizi.
Yeye angalau haniachii risiti."

Akapanda ngazi, bisibisi mdomoni.
Betri mpya: bado.
Akakaza nyaya: bado.
Akasoma kijitabu cha maelekezo,
kazi ya mtu ambaye vidole vyake
havijawahi kufikisha miaka sabini na moja
wala kushika skrubu ndogo mwezi wa Januari.

Mwishowe akakifungua kile kijicho cheupe pembeni mwa dari.
Ndani, buibui. Mnene, katulia
kama mwenye hati ya nyumba.
Akamzoa kwa kadi ya Krismasi ya mwaka juzi,
akamweka nje, kwenye ukungu, bila kumwomba radhi.

Tangu hapo, hakijalia.

Ila skrubu moja ilibaki.
Imekaa mezani juu ya kadi ya fundi, imeizuia isipeperuke,
na hakuna tundu lililokubali kuwa ni yake.
Saa tisa usiku Enid yu macho,
anausikiliza ukimya,
anaukagua waya kwa waya.