Mwiko Mmoja

Mistari mia tisa na kumi na miwili,
faili moja, kitanzi kimoja kirefu:
Katana Mwaro aliiandika peke yake mwaka jana
katika chumba hiki cha juu, Tudor,
ambamo hewa ya chumvi hula skrubu kabla hatujazikaza.
Roboti ilikwenda. Ilirudi na kikombe.
Nami Jumamosi hii, chaki mkononi,
nimekuja kumwambia aivunje.

"Mwalimu, lakini yafanya kazi."
Yafanya. Sikatai.
Ila gusa mstari mmoja tu wa magurudumu
uone mkono unavyoshtuka kule juu,
kama mtoto aitwaye na mama na baba kwa mpigo:
haendi huku, haendi kule,
yuatetemeka tu.

Nikachora visanduku ubaoni. Magurudumu. Mkono. Koleo.
Mishale. Mishale zaidi.
Nikasema kila kiungo kiwe na nyumba yake,
kila amri ijue inapoanzia na inapokomea,
na mratibu akae mlangoni agawe zamu.
Timu ya wasichana wa Kisauni ikanitazama
kama watu wanaongoja umeme urudi.

Batuli Shebwana, aliyekuwa akichambua nyaya,
hakuinua hata kichwa.
"Si kama jikoni mwa harusi, kwetu Kuze?
Sufuria la pilau lina mwiko mmoja.
Aliyeushika ndiye mpishi.
Akija mwingine na lake, wa kwanza auachie.
Hawakorogi wawili."

Kimya.

"Na kama hakuna aliyeushika?" Katana akauliza.
"Basi moto mdogo, kifuniko juu.
Sufuria haliachwi hivi hivi."

Saa nzima nilikuwa nayatafuta maneno hayo.

Wakaandika. Wakakosea.
Mabano yakapotea, injini ya kushoto ikazunguka kinyume,
Alasiri ikaadhiniwa, wengine wakatoka
wakarudi na nyayo mbichi sakafuni,
wakaruka waya wa umeme kwa uangalifu.
Kumi na moja na robo mkono ulipanda
huku magurudumu yakienda,
kila kimoja na lake,
na Batuli alipoachia kitufe
vyote vikatulia.
Moto mdogo. Kifuniko juu.

Makofi, meza zikapigwa, mtu akamwaga soda.
Katana hakupiga makofi.
Aliinakili faili yake ya zamani kwenye flashi,
mistari yote mia tisa na kumi na miwili,
akaitia mfuko wa shati,
akafunga kifungo.