Sensa ya Mifugo, Isongole

Karani alikuja na fomu na kalamu ya bluu,
ukungu bado umeikalia migomba.
"Taja mifugo yako, mama."
Syabumi akafuta mikono kwenye kitenge:
"Mee watano, mmoja ana mimba.
Mbuu wawili, yule wa mabaka na ndama wake.
Kwekwe walikuwa tisa jana. Leo sijui,
kicheche kapita."

Karani akaandika: mbuzi, ng'ombe, kuku.
Akacheka kidogo, kwa puani.
"Majina ya kitoto haya. Nani kakufundisha?"
"Wao wenyewe."

Kisha, akichochea moto:
"Bibi yangu alimwita nyau, nyau akaja.
Mwite kwa jina la fomu yako,
atageuza shingo, aendelee kulala.
Na wewe, mlima huu umeupandaje?"
"Kwa pikipiki."
"Kwa kitu gani?"
"Piki..."
Akainamia karatasi.

"Mbwa?"
Moshi ukapita katikati yao.
"Alikuwepo Hou. Tangu Machi haitiki.
Andika sifuri,
ila iandike polepole."

Kule bondeni, ndani ya mianzi,
sauti nzito, kama mtungi unaomimina:
du, du-du-du, du.
"Na huyo?" Kalamu ikabaki hewani.
"Dudumizi. Huyo si wangu.
Anasema anua mahindi."

Waliinuka wote wawili, wakashika mkeka ncha hii na ncha hii.
Fomu ikabaki kwenye kigoda.
Tone la kwanza lilitua juu ya neno kuku,
wino ukatambaa,
naye karani, mahindi mikononi,
akalisoma upya, midomo ikicheza:
ku.
Ku.