Mpini wa Jembe

Baba amesimama mlangoni tangu chai ilipokuwa ya moto.
Mguu wa kulia umeomba ruhusa, haujajibiwa.
Si ukaidi. Si uchovu. Nyayo zimenata
kama buti kwenye tope la Uru mwezi wa nne.

Jana, hospitali kule Moshi mjini,
Daktari Eliakunda alichora nyuma ya kadi ya kliniki:
hili hapa shina la ubongo,
halizidi kidole gumba chako, mzee.
Humo mna chembe zinazosema nenda,
na nyingine, jirani zao, ukuta kwa ukuta,
kazi yao moja tu: simama.
Zipo za kukugeuza kushoto, zipo za kulia.
Hatua zenyewe uti wa mgongo umezikariri.
Unachongoja ni kufunguliwa.

Baba akacheka, upande mmoja wa mdomo.
"Kumbe ni mfongo."

Miaka thelathini na moja alishika zamu ya maji,
alfajiri, tochi kwapani, pale kwenye banio.
Aling'oa kipande cha mgomba na bonge la nyasi,
basi; maji yalijua njia:
kwa Kisanga, kwa Mama Aikaruwa,
kwenye kahawa, kwenye magimbi,
yakipinda yenyewe penye mawe.
Maji hayasukumwi, alizoea kusema.
Yanaruhusiwa.

Sasa nani ameketi kwenye banio lake?
Nani kalala, zamu ikiwa yake?

Naweza kumvuta mkono.
Nilishamvuta, Jumanne; goti lina kovu.
Naweza kuhesabu moja, mbili, kama mgambo.
Nachukua jembe lililoegemea ukuta,
naulaza mpini sakafuni, mbele ya vidole vyake.

Kitu kinauona.
Si yeye ninayemfahamu, anayebishania bei ya mbolea;
ni kitu cha chini zaidi, hukohuko shinani,
kisichojua Kiswahili wala Kichaga.

Goti linapanda. Juu,
kama alivyouruka mfereji na ndoo isimwagike.
Kisigino, kisigino, ametoka,
anakata kati ya migomba
utadhani hajawahi kusimama maishani mwake,

na bila kugeuka
(kugeuka kungemgandisha tena)
anafoka:
mjinga gani ameacha jembe njiani?