Kijiko cha Chumvi

Majira yale ya baridi umeme ulikatika Tbilisi
hata tukasahau ulikuwa ukitoka wapi.
Watu wakashuka Daraja Kavu na vyombo vya bibi zao,
wakatandika shuka juu ya theluji,
wakapanga: mabuli, visinia, makoleo ya sukari,
pembe za mvinyo zilizovikwa midomo ya fedha,
vijiko kumi na viwili vilivyobaki kumi na kimoja.
Fedha ilikwenda kutafuta fedha.
Ilirudi mafuta ya taa.

Mimi nilikuwa na tupa, msasa, na mkono usiotetemeka.
Wanunuzi wa ng'ambo hawataki majina ya watu.
Nakshi wanaitaka, zabibu na majani yake,
yule kulungu wa weusi uliochomwa ndani ya fedha,
kazi ya mafundi ambao hata makaburi yao yamehama;
lakini jina, hapana. Jina linawatazama wakila.
Basi nilikuwa nafuta majina.
Ndiyo kazi niliyoifanya miaka mitatu,
na aliyekula mkate wangu asijifanye hakujua.

Makvala alikuja Jumanne, koti juu ya koti.
Alikuwa akifundisha jiografia
ya nchi iliyokwisha katikati ya muhula.
Akatoa kata ya mvinyo, mpini mrefu kama mkono wa mtoto,
mdomo umelika upande mmoja tu
maana ukoo mzima ni wa mashoto.
Ndani, chini kabisa, mvinyo unapoishia:
TASIA, na mwaka, na mkwaruzo
wa mtu aliyeanza neno la pili akaghairi.
"Neno gani?" niliuliza.
"Ungemuuliza babu. Alikuwa mchoyo wa maneno."

Nilikaa nayo siku mbili.
Ukikwangua sana, chombo kinatoboka;
ukikwangua kidogo, jina linakusuta.
Nikapitisha msasa, majivu, kitambaa cha sufu,
mpaka tumbo la kata likawa kama uso
wa mtu aliyetoka kuoga:
halina habari.

Alipoijia nikampa siri ya ufundi, ile isiyouzwa:
"Ipulizie."
Akaipulizia, kwa pumzi ya chumba kisicho na moto.
Ukungu ukatanda, na ndani ya ukungu
akaja Tasia, herufi kwa herufi,
kwa kuwa patasi huipiga fedha hadi moyoni
na moyo hausuguliki.
Ukungu ukakauka. Akaondoka.
Makvala akapuliza tena. Sikuhesabu mara ngapi.
Nilijifanya natafuta koleo.
Kisha akaifunga kata ndani ya ramani ya darasani,
mto Volga kwa nje, akaenda kuiuza
kwa bwana mmoja wa Antwerp
aliyeisifu kwamba ni safi.

Sitii chumvi: hakulia.
Alinilipa nusu mkate na betri mbili za tochi,
moja ilikuwa imekufa.

Vumbi la majina nililiweka kwenye kopo la majani ya chai.
Tasia. Nestori. *Kwa binti yetu.*
Herufi mbili zilizokumbatiana za maarusi nisiowajua.
Fundi hatupi unga wa fedha.
Umeme uliporudi nikaliyeyusha:
miaka mitatu, nyumba arobaini na kitu,
likatoka donge la ukubwa wa njugu.
Nikalifua kijiko cha chumvi. Hakina nakshi.

Kimo mezani kwangu hadi leo,
na chumvi haipatani na fedha: inaitia weusi, inaila.
Kila Jumapili nakisugua.
Kila Jumapili kinapungua.
Nimewahi kukipulizia, usiku, mlango nimeufunga.
Halikuja jina.
Ukungu ulikaa tu juu yake, muda mrefu kuliko kawaida,
kama chumba chenye watu wengi
wanaosubiri mmoja aanze kusema.