Huenda ya Buguruni

Bi Theofrida Komba ameweka sikio kwenye kichwa cha nondo,
ncha ya nondo imo ardhini, ardhi ni ya Buguruni,
nami nimepakata kompyuta kama mtoto mwenye homa,
nasubiri namba.

Saa tisa usiku. Majenereta yamelala,
baa imezima spika zake.
Bomba likivuja, anasema, utasikia mtu anakaanga kitu
mbali, kwa mafuta machache.

"Huenda."
Naandika: sifuri nukta sita.
Hatua nne mbele, magoti yakimlia:
"Yaelekea."
Nukta saba.
Kwenye kona ya fundi cherehani:
"Haikosi."
Nukta tisa.

Taa ya kichwani mwake ikaangukia jedwali langu.
"Hiyo sita umeitoa wapi?"
Kwenye huenda yako ya juzi, Msasani.
Akacheka kwa pua.
"Kule bomba la plastiki, limezikwa kina kirefu, linanong'ona.
Huenda ya kule niliiokota gizani.
Ya hapa nimeirudia mara tatu.
Ukizitia kapu moja zitaozeshana."

Nikafuta.

Mtaa wa pili: "Hapa sijui." Nikaandika nusu.
Nyuma ya msikiti: "Hapa napo sijui." Nusu tena.

"Wewe! Hizo si sijui moja.
Kule lori liliwashwa, mlinzi na redio yake; sikusikia kitu.
Hapa nimesikia mno.
Sauti moja inasema yanavuja, nyingine yanapita tu,
na kila moja imekuja na shahidi wake."

Sijui ya mikono mitupu.
Sijui ya mikono iliyojaa.
Mashine yangu ina kisanduku kimoja.

Miaka minne Mlimani nilifundishwa *kama* na *basi*,
kumbe nimenyonya lugha yenye labda, pengine, yamkini,
yenye sidhani kama hapana,
yenye *nge* na *ngali* za kupimia hata yasiyotokea,
na yote nimeyasaga
yakawa unga wa desimali.

Alfajiri vijana wakachimba penye nukta tisa.
Mchanga. Kipande cha sahani. Mchanga,
mkavu kama unga wa muhogo.
Wakanitazama. Nikamtazama yeye.

Hakutahayari. Alifuta nondo kwa pindo la koti.
"Nilisema haikosi.
Sikusema haijapata kukosa.
Liandike na hilo, kama una pa kuliandika."

Sina. Nimechora visanduku viwili,
cha yanayokubali na cha yanayokataa,
na katikati nimeacha uwazi usio na namba.
Jumatatu meneja atauliza hilo pengo ni la nini.

Bi Theofrida ameshafika nguzo inayofuata.
Ameinama. Ameinua kiganja: nyamaza.
Nazuia pumzi.
Sijaandika kitu.